Debe la Mama halimo kwenye jedwali

Mteja aliandika hivi: "Niwekee madebe matano ya mahindi kesho. Ni kilo ngapi hizo?" Wakala wangu, programu inayowajibu wateja kwa ujumbe wa simu, akajibu kabla sijameza mate, kwa adabu zote: "Madebe matano ni sawa na kilo 100. Karibu tena."

Mama, mwenye duka la nafaka, alikuwa ameegemea gunia la ndengu, miwani imemshuka puani, akilisoma jibu hilo kwenye simu yangu. Alicheka mpaka jirani wa duka la pili akaja kuuliza kuna nini.

"Baba," akaniambia, "hayo ni mahindi au ni maji?"

Yalikuwa maji. Wakala alijua kwamba debe ni chombo cha lita 20, akazidisha kwa tano, akapata lita 100, na kwa kuwa lita moja ni kilo moja, akafunga hesabu. Kila hatua ilikuwa sawa kwa mtu anayeuziwa maji ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Kwa mtu anayenunua mahindi Kangemi, zilikuwa kilo kumi na kitu za hewa, na mteja huyo angekuja kuzidai dukani kwa Mama, si kwangu.

Nimekuwa nikiandika programu ndogondogo kwa wafanyabiashara wa nafaka kwa muda sasa. Nyingi ni za kupokea oda kwa ujumbe wa simu, kuandika deni na kukumbusha malipo. Mwaka huu nikaamua kumweka wakala wa akili unde katikati. Neno wakala hapa Nairobi linamletea mtu picha ya kibanda cha kijani cha M-Pesa na daftari la kutia sahihi. Huyu wangu ni programu inayosoma ujumbe, inaamua kinachotakiwa, kisha inaziita programu nyingine zimfanyie kazi: moja inaangalia stoo, moja inaandika risiti, moja inapiga hesabu. Hizo ndizo zana zake. Zana niliyoitengeneza mwenyewe, na ambayo imeninyima usingizi kuliko zote, ni ya kubadilisha vipimo.

Rafiki zangu walinicheka. Kubadilisha kilo kuwa pauni? Si hiyo ni kazi ya mtoto wa darasa la sita? Hata mimi nilidhani hivyo. Nilitaka tu kumwondolea wakala mzigo wa kuzidisha, kwa sababu moja inayojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi na mifumo hii. Modeli ya lugha, yaani ubongo wa wakala huyu, haina kikokotoo tumboni. Inaandika kipande kimoja cha neno baada ya kingine kwa kukadiria kinachofaa kufuata. Vipande hivyo huitwa tokeni, na havina undugu na tokeni za stima, ingawa vyote huisha wakati mbaya. Ukiiuliza pauni 10 ni kilo ngapi, itakujibu sawasawa, maana imelisoma jibu hilo mara nyingi mno. Ukiiuliza pauni 7,318.6, jibu ni kilo 3,319.7, lakini inaweza kukuandikia 3,391.7 bila hata kukohoa. Nambari inafanana na jibu, ina urefu wa jibu, imevaa nguo za jibu.

Ndiyo maana tunaipa zana. Modeli yenyewe haigusi hesabu. Inaandika ombi lenye mpangilio maalumu, labda kiasi ni hiki, kipimo cha kutoka ni hiki, cha kwenda ni hiki, na programu ya kawaida inapiga hesabu na kurudisha matokeo. Kuna itifaki, yaani utaratibu wa mawasiliano, iliyorahisisha kuunganisha zana na modeli, Model Context Protocol, ambayo kampuni ya Anthropic iliitoa Novemba 2024, nami niliitumia hiyo. Unaandika jina la zana, maelezo ya kazi yake na orodha ya vitu inavyohitaji, na modeli inasoma maelezo hayo kama fundi mgeni anavyosoma maandishi kwenye boksi la mashine. Itakavyoyaelewa ndivyo itakavyoitumia.

Toleo la kwanza nililimaliza jioni moja. Lilikuwa jedwali tu. Inchi ni milimita 25.4 kamili. Pauni ni kilo 0.45359237 kamili, kama nchi zinazotumia Kiingereza zilivyokubaliana mwaka 1959. Ekari ni futi za mraba 43,560. Kila kipimo na kizidishio chake, na ukuta wa kuzuia mtu asibadilishe mita kuwa kilo. Nililala nikiwa na furaha.

Kisha Mama akauliza kama ni mahindi au ni maji.

Nikaongeza mstari kwenye jedwali: debe la mahindi, kilo 18. Karibu kila niliyemuuliza alinitajia hiyo 18, na inapendeza pia kwa hesabu, kwa sababu madebe matano yanakupa kilo 90 na gunia limetimia. Nikamrudia Mama kama mwanafunzi aliyesahihisha daftari. Hakucheka safari hii. Alinyanyuka, akachukua debe lake, akalijaza, akapitisha kipande cha mbao juu ya ukingo mpaka mahindi yakawa sawasawa, akaliweka kwenye mizani. Baada ya kutoa uzito wa debe lenyewe, kilo 15.3. Akalitikisa mara tatu, akaongeza mahindi, akayarundika mpaka yakaanza kumwagika pembeni. Kilo 17.1.

"Sasa niambie," akasema, "hiyo kumi na nane yako iko wapi?"

Sikuwa na la kusema. Baadaye nilikaa na karatasi nikapata njia ya kuhakikisha. Wamarekani huuza mahindi kwa busheli. Kwa asili busheli ni kipimo cha ujazo kama debe, lita 35.24 hivi, lakini sokoni wameifunga kwa uzito: busheli ya mahindi ni pauni 56, sawa na kilo 25.4. Gawanya na utapata kwamba lita moja ya mahindi, kwa kadirio lao, ina gramu kama 720. Lita 20 basi ni kilo 14.4. Mahindi ya Mama yalikuwa makavu na mazito kidogo, ndiyo maana debe la kupigwa mbao likafika 15.3. Kilo 18 kwenye debe la lita 20 unaweza kuzifikia, ila uwe na mkono wenye huruma kweli.

Na gorogoro? Nilipima pia, kwa kuwa nilishaanza wazimu. Mkebe ule kila mtu huuita wa kilo mbili. Ni kweli ulikuwa wa kilo mbili, za mafuta ya kupikia yaliyouzwa ndani yake. Mahindi ni jambo jingine: kilo 1.7 ukiyasawazisha, 1.9 ukiyarundika. Na hapo nazungumzia mkebe mzima, si ule uliogongwa kitako kikaingia ndani kama bakuli lililopinduliwa. Kila mnunuzi wa soko anaujua mkebe wa aina hiyo, na kila muuzaji ataapa kwamba yeye hana.

Busheli ilinifundisha kitu kingine. Nilikuwa nimeanza kuona haya kwa ajili ya vipimo vyetu, kana kwamba debe na gorogoro ni ushamba utakaoisha siku tukiendelea. Kumbe soko la Chicago, ambako bei ya mahindi hutajwa kwa senti za dola kwa busheli, linaning'inia kwenye debe lao wenyewe. Busheli ya mahindi ni pauni 56, ya ngano ni 60, ya shayiri ya farasi (oats) ni 32. Neno moja, uzito mbalimbali, na ni lazima uulize: busheli ya nini? Gunia letu la kilo 90 ni busheli 3.54 za mahindi, lakini ukiweka ngano ni 3.31. Wakala akiombwa alinganishe bei ya Chicago na ya Nyamakima hapa Nairobi, tuseme dola 4.50 kwa busheli, atapata karibu dola 15.94 kwa gunia la mahindi. Akichukua kimakosa busheli ya ngano atapata dola 14.88. Zote zinaonekana kuwa bei halali. Mama angepoteza zaidi ya dola moja kwa kila gunia na asingejua ilipotokea.

Hapo ndipo kazi yangu ilipobadilika. Kuzidisha kulikuwa kumekwisha tangu jioni ile ya kwanza. Kilichobaki kilikuwa kuifundisha zana yangu kukataa.

Nilivunja jedwali. Vipimo vya kweli, mita, kilo, pauni, vikabaki upande wake, hivyo havimwulizi mtu chochote. Upande wa pili nikaweka vyombo: debe, gorogoro, gunia, mtungi, wilbaro, karai. Chombo kina ujazo tu. Ukitaka uzito lazima useme kilichomo, na ukitaka uzito wa kuaminika lazima useme kimejazwaje. Wakala akiuliza madebe matano ni kilo ngapi, zana haimpi nambari. Inamrudishia maneno haya: "Debe ni kipimo cha ujazo. Ili kupata kilo nahitaji bidhaa na namna ya kujaza. Ikiwa mteja hajasema, mwulize."

Sentensi hiyo ya mwisho niliiongeza baada ya siku mbili za kuteseka. Mwanzoni nilikuwa nimeandika kama tulivyozoea kuwaandikia waprogramu wenzetu: "Kosa: bidhaa haipo." Wakala alilisoma hilo, akajaza mwenyewe "mahindi" kwa sababu duka ni la nafaka, akaendelea na safari. Mteja alikuwa ametaka maharagwe. Mtu akikutana na ujumbe wa kosa hukasirika, akajikuna kichwa, akauliza. Wakala hutafuta njia ya kupita. Kwa hiyo ni lazima ujumbe wenyewe umwonyeshe mlango, tena mmoja tu.

Namna ya kujaza nayo ilikuwa na tatizo la jina. Niliandika "sawa" na "zaidi", kisha "bapa" na "mlima", na kila mara modeli ilichanganyikiwa, nami pia. Siku moja alikuwa dukani mzee mmoja kutoka Pwani, mteja wa siku nyingi wa kunde na mchele. Nilimwamkia, akaketi kwenye kigoda, na Mama, ambaye sasa alikuwa ananitangaza kwa kila mtu kama kijana anayeuliza kompyuta uzito wa debe, akamweleza shida yangu.

Mzee alinitazama kwa huruma. "Kijana, hivyo vitu vina majina. Kibaba cha mfuto ni kile kilichofutwa juu. Kibaba cha tele ni kilichojaa kikaota kichwa. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Ukimtuma mtoto dukani unamwambia ni cha mfuto au cha tele, asije akapunjwa. Kompyuta yako haijui Kiswahili?"

Haikujua. Nilirudi nyumbani nikafungua kamusi, na yote yalikuwamo. Lugha yangu ilikuwa na majina ya namna hizo za kujaza kabla babu yangu hajazaliwa, nami nilikuwa nikihangaika kubuni jina. Siku hiyo hiyo nikabadilisha: mfuto, tele. Modeli haikukosea tena, maana maneno hayo hayafanani na kitu kingine chochote. Baadaye niliongeza namna ya tatu, lumbesa, kwa ajili ya wanaouza viazi: lile gunia linaloshonewa kofia ya wavu juu yake mpaka linashinda mtu kulibeba. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka kifungashio kisizidi kilo 50, na ninafurahi kusema kwamba zana yangu ikipewa lumbesa haitoi kilo hata ikibembelezwa. Inasema: lipimwe.

Nikishapata mwelekeo huo nilianza kuona mitego kila mahali. Mingine ni ya vitabuni. Mmoja ulinishika shati.

Mfanyabiashara mmoja alinunua mashine ya kukaushia mahindi yenye kitabu cha maelezo kutoka Marekani. Mahindi ya kuhifadhi hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na asubuhi za baridi za Julai hapa Nairobi hazisaidii. Kitabu kilisema pasha hewa nyuzi 20 za Fahrenheit zaidi ya joto la nje, kwa kuwa ongezeko la kiasi hicho hupunguza unyevu wa kadiri wa hewa kwa karibu nusu. Akamwuliza wakala nyuzi 20 za Fahrenheit ni ngapi za Selsiasi. Wakala akaita zana yangu. Zana ikatoa 32, ikazidisha kwa tano, ikagawanya kwa tisa, ikajibu: hasi 6.7.

Na jibu lilikuwa sahihi! Maji yenye nyuzi 20 za Fahrenheit ni barafu. Lakini mtu huyu aliuliza tofauti ya joto, na tofauti ya nyuzi 20 za Fahrenheit ni nyuzi 11.1 za Selsiasi; ile 32 haihusiki kabisa. Alinipigia simu kuuliza kama mashine inatakiwa kugandisha mahindi. Ninamshukuru Mungu kwamba jibu lilitoka la kipuuzi. Lingekuwa nyuzi 4 au 5 angepasha nyuzi 4 au 5, mahindi yakaota ukungu, na hakuna ambaye angemshuku wakala. Waliotangulia walishauona mtego huu. Maktaba ya vipimo iitwayo Pint, ya lugha ya programu ya Python, ina kipimo chake maalumu cha tofauti, delta_degC. Sasa zana yangu inauliza kila mara: ni joto, au ni ongezeko la joto?

Daktari mmoja, jirani, akaniomba niongeze sukari ya damu. Mashine nyingi za hapa husoma kwa milimoli kwa lita, maandishi ya Kimarekani husema miligramu kwa desilita. Kwa glukosi unagawanya kwa 18, hivyo 126 ni 7.0. Kwa kolesteroli unagawanya kwa 38.67. Vipimo vile vile, pande zote mbili, lakini kigawanyo ni tofauti kwa kuwa molekuli si moja. Nilifurahi kugundua kwamba sikuhitaji kubuni kitu kipya. Ilikuwa ni debe tena. La nini?

Kisha kuna ploti. Wasomaji wa Nairobi wanajua ninakoelekea. Binamu yangu alikuwa ananunua kiwanja upande wa Kamulu, 50 kwa 100, na broka akamwambia ni moja ya nane ya ekari. Sote tunasema hivyo. Hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000. Moja ya nane ya ekari ni 5,445. Zinapungua 445, mita za mraba 41 hivi, ambazo kwenye nyumba za kupanga za mtaani kwetu ni vyumba vinne vya familia. Hakuna anayemdanganya mwenzake hasa, ni jina tu limezoeleka, lakini wakala akisikia "moja ya nane" na kukokotoa hekta za hati ya ardhi, atapata 0.0506 wakati hati inasema 0.046 au pungufu, na mtu atadhani ameibiwa, au atadhani hajaibiwa. Nililiandika neno hilo kwenye zana kama neno lenye maana mbili. Tani nayo iko humo, kwa sababu ziko tatu: ya kilo 1,000, ya Marekani ya kilo 907, ya zamani ya Uingereza ya kilo 1,016. Galoni ni mbili. Aunsi, mniwie radhi, sitaki hata kuizungumzia.

Wanaopenda mada hii hupenda kusimulia ndege ya Gimli, nami nitaisimulia kwa sababu ya nambari moja tu. Tarehe 23 Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani, futi 41,000 juu, ikaelea kama mwewe mpaka kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba. Watu wote 69 walinusurika. Kanada ilikuwa ikihamia vipimo vya metriki na ndege hiyo ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Mlikuwa na lita 7,682 kwenye matangi. Mafundi na marubani walizidisha kwa 1.77, wakapata 13,597, wakatoa, wakagawanya, wakaongeza lita 4,916. Nimeipitia hesabu hiyo kwa kalamu na haina kosa hata moja la kuzidisha. Shida ni kwamba 1.77 ni pauni kwa lita. Ya kilo ni 0.803. Walitakiwa kuongeza lita zaidi ya 20,000.

Watu wengi walikuwa pale, wenye mafunzo, na hesabu ilirudiwa. Ile 1.77 ilikaa kwenye karatasi ikiwa uchi, bila kipimo pembeni. Ninapomtazama wakala wangu akipokea "5" kutoka kwenye ujumbe mmoja na "18" kutoka mahali pengine, naiona karatasi ile. Kwa hiyo zana yangu haipokei nambari isiyo na kipimo, na hairudishi nambari isiyo na kipimo. Kila jibu linabeba sentensi ya dhana zake: nimechukulia mahindi makavu, debe la lita 20, mfuto. Linagharimu tokeni zaidi. Nalipa.

Nilibanana pia na ukamilifu wa uongo. Zana ilikuwa ikirudisha kilo 76.49999999, ile tabia ya kompyuta kuandika desimali kwa msingi wa mbili, na wakala akamtumia mteja nambari hiyo yote kama ilivyo. Mama aliuliza kama hizo tisa zote ni punje. Sasa vyombo vinatoa jibu kwa kilo nzima na neno "karibu" mbele yake. Pauni na kilo zinatoa desimali zinazostahili.

Jambo moja nilikataa kuliingiza, ingawa niliombwa zaidi ya yote: saa. Lori lilitakiwa Nyamakima saa kumi alfajiri kupakia kabla barabara hazijafunga. Wakala akaandika kwenye ratiba 10:00. Dereva alifika saa nne asubuhi akiwa amelala vizuri na mwenye tabasamu, akakuta mikokoteni, matatu, wapakiaji waliokwisha kwenda zao, na mwenye mzigo ambaye maneno yake sitayaandika hapa. Utasema ni kutoa sita tu. Lakini Nairobi mtu mmoja, katika ujumbe mmoja, atakwambia saa kumi kwa Kiswahili na kumi kwa Kiingereza, na zote anamaanisha. Tena kuna siku yenyewe: kwa wazee wetu siku huanza jua likizama, na ndiyo maana bado twasema usiku wa kuamkia Jumanne. Kuna watu wa Pwani ambao Ijumaa usiku kwao ni ule usiku ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Hicho si kizidishio. Nilikitengenezea zana yake peke yake, yenye kazi moja: kumrudishia mteja saa kwa maneno, "kesho alfajiri, kabla ya jua, saa kumi, ndivyo?" na kungoja jibu.

Wenzangu huniambia zana nzuri ni ile isiyoongea sana. Kwa hesabu za maabara nakubali. Kuna programu ya zamani, GNU Units, inayokuuliza tu una nini na unataka nini, na nilijifunza mengi kwayo. Lakini aliye mbele ya GNU Units ana macho. Anajua alichoshika mkononi. Wakala wangu hajawahi kuliona debe.

Mwezi uliopita tulimwasha tena dukani, safari hii kwa wateja wote wa Mama. Kabla ya hapo nilimwomba anipe debe lake wikendi nzima. Nilipima mahindi, maharagwe, ndengu, njahi na mchele, mfuto na tele, mara tano tano, na kuweka wastani kwenye faili yenye jina la duka lake. Ukitaja debe bila kusema la nani, zana inatumia lita 20 na kukuonya. Ukiwa mteja wa Mama, inatumia debe la Mama.

Jumatatu asubuhi yule mteja wa siku ya kwanza akaandika tena: madebe matano ya mahindi. Wakala akamjibu: "Mfuto au tele? Kwa debe la duka hili, matano ya mfuto ni karibu kilo 77, ya tele ni karibu kilo 86."

Dakika kumi zikapita. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, nikijifanya kupanga mifuko.

Jibu likaja: "Tele. Na siku zote ni tele, mwambie Mama aache mchezo."

Mama akaivua miwani, akanirudishia simu. "Huyo," akasema, "tangu lini nimempa tele?"